Mvuke wa Usiku na Pesa za Vyama Vyetu

Hotuba kwa viongozi wa vyama vya akiba na mikopo (sacco), Nakuru, imeandikwa upya kwa wasomaji

Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mliojibana kule mlangoni, hamjambo. Asanteni kwa kunialika.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie nafasi za uwekezaji katika kawi jadidifu. Najua ilikotoka hamu hiyo. Ni sacco chache humu ukumbini ambazo hazijatembelewa na kijana nadhifu mwenye kipakatalishi, akawaonyesha picha ya paneli za jua zinazong'aa, akawaambia kuwa dunia nzima imegeukia huko na nyinyi mnabaki nyuma. Baadhi ya vijana hao ni waaminifu na bidhaa zao ni nzuri. Lakini wote huwauzia uzalishaji, na mimi nimekuja kubishana na hilo. Kwa maoni yangu, nchi hii tatizo lake kubwa halijawa kuzalisha umeme kwa muda mrefu sasa. Tatizo ni nani anaununua, saa ngapi, kwa pesa gani na kupitia waya upi. Pesa za wanachama wenu zitapona au zitazama kwa majibu ya hayo.

Tuanze na usiku. Kenya ina mitambo ya umeme ya zaidi ya megawati 3,000, na takriban asilimia 90 ya umeme tunaotumia unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Nchi nyingi tajiri kuliko sisi hazijafika hapo. Jioni, kuanzia saa moja hadi saa nne hivi, kila mtu anapika, anapiga pasi na kutazama taarifa ya habari, na gridi, yaani mtandao wa taifa wa nyaya za umeme, inahema. Kule magharibi ya nchi, ambako nyaya ni dhaifu, mitaa huzimwa kwa zamu ili mzigo upungue. Kisha saa nne inapita, watu wanalala, viwanda vingi vimefungwa, na mahitaji yanaporomoka. Mitambo iliyokuwa haitoshi jioni inakuwa mingi kupita kiasi usiku wa manane.

Sasa nendeni Olkaria saa hizo, kilomita chache kutoka Naivasha. Mabomba ya mvuke yanapita juu ya ardhi, yamepindwapindwa makusudi kila baada ya hatua kadhaa ili chuma kipate nafasi ya kutanuka kikipata moto. Kando yake yapo mapipa makubwa ya kutolea mvuke, na yananguruma hadi mnalazimika kuongea kwa kupiga kelele. Mvuke uliochimbwa kwa mamilioni ya dola, kutoka visima vinavyofikia kilomita 3 kwenda chini, unaachiwa upae hewani. Wafanyakazi hawafanyi hivyo kwa uzembe. Kisima cha mvuke si bomba la nyumbani, kwamba utafunga jioni na kufungua asubuhi. Ukikifungafunga unaweza kukiharibu, na kukirudisha katika nguvu yake huchukua muda. Kwa hiyo mnunuzi akikosekana, mvuke unakwenda zake.

Nami husema hivi: anayetaka kujua sera ya kawi ya Kenya imefaulu wapi na imekwama wapi, aende akasikilize mngurumo ule.

Kufaulu kupo. Visima vya kwanza vya majaribio Olkaria vilichimbwa miaka ya 1950, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukawashwa mwaka 1981. Leo mvuke unatupa zaidi ya megawati 900. Serikali ilielewa jambo ambalo nchi nyingi zenye volkano hazikulielewa mapema: benki haikopeshi kisima ambacho hakijapigwa, kwa sababu unaweza kuchimba hadi chini ukapata mawe makavu. Ndiyo maana kampuni ya umma ya GDC iliundwa mwaka 2008, ichimbe kwa pesa za umma na kubeba hatari hiyo, halafu mwekezaji auziwe mvuke uliokwisha kupatikana. Mlima wetu hapo nyuma, Menengai, ni mfano wake. Uchimbaji ulianza mwaka 2011. Mwaka 2013 kampuni tatu zikachaguliwa kujenga mtambo wa megawati 35 kila moja, na mikataba ya kuuza umeme ikafuata. Mtambo wa kwanza kati ya hiyo mitatu ulianza kutoa umeme mwaka 2023. Miaka 10! Mvuke ulikuwapo, visima vilikuwapo, na sehemu kubwa ya muda huo ililiwa na mabishano juu ya karatasi: ni dhamana gani serikali itatoa iwapo Kenya Power, kampuni inayonunua umeme na kutusambazia, itashindwa kulipa.

Hizo karatasi ndizo sera yenyewe, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Mwaka 2008 Wizara ya Kawi ilitoa sera ya bei maalumu, iliyotangaza mapema kila uniti ya umeme wa upepo, wa maji madogo au wa mabaki ya mimea ingenunuliwa kwa kiasi gani. Mwaka 2010 ikaongeza jua, mvuke na gesi ya samadi, na mwaka 2012 ikarekebishwa tena. Nia ilikuwa njema. Mwekezaji alipata uhakika wa miaka 20. Lakini bei ziliandikwa kwa dola, na mikataba mikubwa ikawa na kifungu kwamba umeme ukiwa tayari utalipiwa, hata kama hakuna aliyeutumia.

Toeni simu zenu. Fungueni ule ujumbe wa tokeni za mwisho mlizonunua. Mmelipa, tuseme, shilingi 1,000. Mstari wa kwanza ni umeme wenyewe, na mkiutazama mtaona si shilingi 1,000 hata kidogo. Fuata ile mistari mingine ambayo tumezoea kuiruka: gharama ya mafuta, tozo ya EPRA (mamlaka inayodhibiti bei za kawi), tozo ya maji, tozo ya umeme wa vijijini, ushuru wa VAT. Katikati yake upo mstari wa fedha za kigeni. Huo ndio niliotaka mwuone. Shilingi ikishuka, mwekezaji hapotezi kitu. Tofauti inawashukia nyinyi. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 123. Mwaka mmoja baadaye ilipita 160. Upepo haukupanda bei, mvuke wala jua halikupanda bei, na bado mama wa saluni pale mtaani akalipa zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mtaji wa nyumbani una maana katika sekta hii, namjibu kuwa una maana kuliko paneli yoyote, kwa sababu deni la shilingi halipandi dola ikipanda. Na si ndoto. Mwaka 2009 KenGen, kampuni ya taifa ya kuzalisha umeme, ilikuja sokoni na hatifungani, yaani mkopo inaouomba kwa umma, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 12.5. Ilitafuta shilingi bilioni 15. Wakenya wakaleta zaidi ya hapo, ikachukua bilioni 25. Ninachosikitikia ni kwamba jambo lililofanikiwa namna ile halikugeuzwa kuwa desturi.

Nije kwenye waya. Wengi wenu mmeona picha za mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, kule Loiyangalani. Mitambo 365, megawati 310. Mahali penyewe Mungu alipaandaa: upepo unabanwa kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, unavuma kwa nguvu ambayo wageni hushindwa kuiamini. Ili kuyafikisha mapanga makubwa ya mitambo ile kutoka Mombasa, ilibidi barabara ya kilomita 208 itengenezwe kutoka Laisamis. Wawekezaji wakafanya kazi yao, na mapema mwaka 2017 mitambo ilikuwa imesimama.

Ikasimama kweli. Njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa imekwisha. Huo ulikuwa wajibu wa upande wa serikali. Sehemu nyingine wenye mashamba walikuwa hawajalipwa fidia na nguzo hazikuweza kupita, na mwaka huohuo mkandarasi wa Uhispania, Isolux Corsán, akafilisika. Mkandarasi wa Kichina akaitwa kumalizia, na umeme ukapita kwa mara ya kwanza Septemba 2018. Kwa muda wote huo mkataba ulikuwa unahesabu. Umeme ambao haukuwahi kufika kwenye balbu hata moja ulilipiwa mabilioni ya shilingi, na malipo yakasambazwa katika bei tunayolipa. Benki ya Dunia ilikuwa imejiondoa katika mradi tangu mwaka 2012, ikiwa na wasiwasi kwamba tutajikuta tumelipia umeme usiohitajika. Wengi waliikasirikia wakati huo. Mimi siitetei, kwani mitambo ile leo inatufaa sana, lakini swali lake halikuwa la kijinga.

Ndiyo maana mtu akiniletea mradi wa megawati kadhaa mahali penye jua kali, sianzi kuuliza habari za jua. Jua lipo. Nauliza kituo cha umeme kilicho karibu kiko wapi, transfoma yake ina nafasi kiasi gani, na nani atajenga waya wa kufika hapo. Mwenye mradi akianza kujikunakuna kichwa, kikao kimekwisha.

Kuhusu ardhi nitasema kwa kifupi, maana Nakuru hamhitaji kufundishwa uchungu wa ardhi. Kinangop kulikuwa na mradi wa upepo wa megawati 60. Wakulima walikataa, wakaandamana, na mwaka 2016 ukafutwa kabla hata mtambo mmoja haujazunguka. Kule Marsabit, mitambo ileile ya Ziwa Turkana ikiwa tayari inazalisha, mahakama iliamua mwaka 2021 kwamba hati za ardhi ya mradi hazikutolewa kwa njia halali. Kajiado, mradi wa Kipeto wa megawati 100 ulienda njia nyingine: familia za Wamaasai zilikodisha ardhi zao, zikapata kodi na sehemu ya mapato, na zikaendelea kulisha ng'ombe chini ya mitambo. Ulianza kazi mwaka 2021. Upepo wa Kinangop na wa Kajiado hautofautiani sana. Kilichotofautiana ni nani aliketi mezani mapema.

Halafu serikali yenyewe ikashtuka. Jopo la rais la mwaka 2021, la kuchunguza mikataba ya umeme, liliona kuwa wazalishaji binafsi walileta karibu robo ya umeme ulionunuliwa na Kenya Power, lakini wakachukua karibu nusu ya gharama ya ununuzi, mitambo ya mafuta ikiwamo. Mikataba mipya ikasimamishwa, Bunge nalo likaweka marufuku yake, na ni Novemba 2025 tu ndipo Bunge lilipoiondoa. Mwaka huohuo wa 2021 sera mpya nayo iliandikwa: miradi ya upepo na jua, na mikubwa kwa jumla, ishindanishwe kwa mnada, na bei maalumu ibaki kwa miradi midogo ya maji, gesi ya samadi na mabaki ya mimea, isiyozidi megawati 20. Nakubaliana na mnada. Bei ikishindaniwa, mwananchi anapumua. Ila mjue kwamba mnada ni uwanja wa wenye vifua vipana, na sacco ya walimu haitashindana pale na kampuni ya Ulaya yenye miradi nchi 10.

Basi tuna nini sisi?

Tuna usiku. Narudi pale nilipoanzia kwa sababu naamini ndipo penye pesa. Tangu Desemba 2017 viwanda vimeuziwa umeme wa usiku kwa nusu bei. Mwaka 2023 EPRA ikatenga bei ya vyombo vya umeme vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 usiku, kabla ya tozo. Hesabuni nani katika nchi hii anamiliki mikopo ya bodaboda na matatu. Ni nyinyi! Benki kubwa ziliwakimbia vijana wa boda; sacco ziliwakopesha. Pikipiki ya umeme inayochajiwa baada ya saa nne usiku inanunua mvuke uleule unaonguruma bure Olkaria, na haihitaji megawati moja mpya. Kituo cha kuchajia au kubadilishia betri, chenye waya mzuri, stoo salama na mlinzi, ni uwekezaji ambao kamati yenu ya mikopo inaweza kuutembelea kwa miguu. Lipo jambo la kuogopa, nalo ni betri. Leo kampuni nyingi zinauza pikipiki na kubaki na betri, na betri ya huyu haiingii kwenye pikipiki ya yule. Kampuni ikifunga, mwanachama wenu anabaki na chuma na deni. Kabla ya kutia saini, takeni mkataba useme nini kitatokea siku hiyo. Mkiona muuzaji anabadilisha mazungumzo, mmejua.

Vilevile wenye matangi ya kupozea maziwa. Ubaridi unaweza kutengenezwa usiku kwa umeme wa bei ya chini, ukahifadhiwa kwa barafu, ukatumika asubuhi maziwa yanapoletwa. Kina mama wa ushirika wa maziwa mliopo hapa mnaifahamu kazi hii kuliko mimi. Ninachoongeza ni saa tu, na simu moja kwa Kenya Power kuuliza kama mita yenu inaruhusu bei hiyo.

Tuna joto. Hili watu wa Nakuru mnalikalia bila kulitumia. Mvuke si wa umeme pekee. Kule Eburru wakulima wamekausha pareto kwa joto la ardhini tangu zama za wakoloni, na mvuke huohuo ukipozwa unawapa maji ya kunywa. Naivasha kuna shamba la maua ambalo limepasha joto nyumba zake za kukuzia kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Hapo Menengai GDC wamejenga vielelezo: nyumba ya mboga, kichemshio cha maziwa, mabwawa ya samaki, chumba cha kufulia, kikaushio cha nafaka. Vielelezo vimekaa miaka, wageni wanapigwa picha, na wafanyabiashara ni wachache mno. Wakati huohuo mahindi ya Njoro na Rongai yanaingia sumu ya kuvu kwa sababu msimu wa mavuno ulikuwa na mvua na kukausha kwa dizeli ni ghali. Kikaushio cha joto hakihitaji mkataba wa miaka 20, hakiingii mnadani, na hakina mstari wa dola. Mteja wake anakuja na gunia mgongoni.

Tuna paa. Jua la juu ya paa lina faida pale ambapo umeme unatumiwa mchana na mwenye paa mwenyewe: shule, hospitali, ghala, kiwanda cha kusaga. Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mtumiaji mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kupeleka ziada kwenye gridi, lakini kwa kanuni za mwaka 2024, kila uniti unayotoa unarudishiwa nusu tu. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha hesabu ambayo faida yake inategemea kuuza ziada, mrudishie karatasi. Jenga paa la kukutosha mchana, basi.

Na kama mnataka kuzalisha kwelikweli, igeni wakulima wa chai. Mto Gura kule Nyeri una mtambo wa karibu megawati 6 ulio chini ya KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai. Viwanda vya chai ndivyo wateja wa kwanza, na kinachobaki ndicho kinachouzwa Kenya Power. Tazameni mpangilio huo. Mzalishaji na mtumiaji ni mtu mmoja, kwa hiyo hakuna anayemdai mwenzake. Linganisheni na Mumias, iliyokuwa ikiuza megawati 26 kwenye gridi kutokana na makapi ya miwa. Kiwanda cha sukari kilipougua, umeme nao ukafa, kwa sababu ulikuwa mtoto wa miwa isiyokuja.

La mwisho, na hili ni la wenyeji. Sheria hiyo ya 2019 inasema mwenye leseni ya mvuke alipe mrabaha, kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani ya kawi anayozalisha katika miaka 10 ya kwanza, na kati ya 2 na 5 baada ya hapo. Katika mrabaha huo asilimia 75 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 5 ya jamii inayoishi pale. Nimehudhuria mikutano mingi ya kawi na nimesikia dhamana za wawekezaji zikitajwa hadi nukta ya mwisho. Hiyo 5 sijaisikia ikitajwa na wenye haki nayo. Mna mawakili katika vyama vyenu. Waulizeni barua ya kwanza inaandikwa kwa nani, kisha iandikwe wiki hii.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake. Wakati wa chai mzee mmoja wa sacco ya matatu alinibana ukutani akitaka kujua, gari la umeme likikopeshwa kwa miaka mitano na betri ikachoka mwaka wa nne, nani anabeba? Nilimwambia alirudie swali hilo mbele ya wote, maana jibu langu huenda asilipende. Mzee, kipaza sauti kinakuja.